Mawindo ya Jumamosi

Habari zenu ndugu. Jumamosi tunaingia ardhi ya umma hapa Colorado kuwinda elki, yaani kulungu wakubwa wa huku, na kulungu wa masikio marefu. Nchi ni wazi, wanatuona mbali, kwa hiyo tusikimbilie kutembea. Tukae kilimani, jua likiwa mgongoni, tupekue mabonde kwa darubini polepole; mnyama aliyelala huenda akaonyesha sikio tu. Alfajiri hewa baridi hushuka bondeni, jua likikolea hupanda. Upepo uwe usoni daima.

Fulana na kofia ya rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa ni sheria kwa wenye bunduki. Mashamba ya watu mengine hayana uzio wala kibao, na tukiingia humo kosa litabaki letu, basi pakueni ramani nyumbani. Asiye na leseni aniambie leo.