Barabara ya pili ya ndege Embakasi isisubiri mwekezaji

Kwako Mhariri,

Mvua kubwa ikinyesha Nairobi na paa la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta likavuja, picha husambazwa, watu wakacheka, waziri akatakiwa kujieleza, na ndoo zikishaondolewa mjadala nao hwisha. Paa hilo limetuzoesha kutazama juu, ilhali upungufu mkubwa zaidi umelala chini: uwanja mzima una barabara moja tu ya kurukia na kutua ndege.

Barabara hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, kwa kuwa Embakasi, ulipo uwanja huu, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege iliyojaa hulazimika kukimbia mwendo mrefu kabla ya kunyanyuka. Hata hivyo, ndege moja ikipasuka magurudumu na kukwama katikati yake, nyingine zote hazina budi kusubiri angani au kugeukia Mombasa, Eldoret au Entebbe. Ukarabati wa lami nao hubanwa katika saa chache za usiku. Sisi tunaosafirisha maua tunaionja shida hii hasa mwezi wa Februari, kabla ya siku ya wapendanao, maana waridi likishakatwa Naivasha haliwezi kuambiwa lisubiri, na mnunuzi wa Uholanzi hanunui maua ya tarehe 15.

Haya si mageni serikalini. Jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 1978 lilikusudiwa kuhudumia abiria milioni 2.5 kwa mwaka, kiwango kilichopitwa zamani. Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa kuwasili, na Desemba ya mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi la jengo jipya la Greenfield, la abiria milioni 20 na gharama ya takriban shilingi bilioni 56. Mwaka 2016 mradi ulifutwa. Mawe ya msingi, tukubali, huwa tunayaweka kwa wakati.

Kisha mwaka 2024 likaja pendekezo la kampuni ya Adani ya India, la kuukodi uwanja kwa miaka 30 na kuwekeza dola bilioni 1.85, barabara ya pili ikiwamo. Wananchi walilijua kwa nyaraka zilizovuja kama lile paa. Wafanyakazi waligoma tarehe 11 Septemba, na tarehe 21 Novemba Rais William Ruto akalifuta. Sikusikitika, kwa sababu mali ya umma haikodishwi kimyakimya. Kilichonisikitisha ni kwamba pendekezo lilipokufa, barabara ya pili ilizikwa pamoja nalo, kana kwamba haja yake ilikuwa mali ya mwekezaji.

Hapo ndipo penye kosa letu. Badala ya kuwa na mpango wa taifa ambao wakandarasi wanashindania kuutekeleza, tunasubiri mkandarasi aje na mpango wake mfukoni, na akiondoka huondoka nao. Waethiopia waliupanua uwanja wa Bole, jijini Addis Ababa, mwaka 2019 ukafikia uwezo wa abiria milioni 22 kwa mwaka, lakini hawakungoja ujae ndipo watafute pengine. Walichagua Bishoftu, kilomita 40 hivi kutoka Addis Ababa. Abiria wa kuunganisha safari, ambaye Nairobi humhitaji sana, huchagua kati ya miji hiyo miwili kwa kutazama ratiba tu.

Naiomba Wizara ya Uchukuzi iitenganishe barabara ya pili na ujenzi wa jengo la abiria, kwani jengo linaweza kujadiliwa na wawekezaji kwa miaka mingine mitatu, ilhali barabara haiwezi. Bunge lipewe michoro, makadirio ya gharama na tarehe, na mipaka ya ardhi yake iwekwe bayana kabla maghala na nyumba za Embakasi hazijaifikia.

Wako mwaminifu,
Msafirishaji wa maua, Nairobi