Nani anagonga ukuta? Naombeni ushauri, riwaya yangu imekwama

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisaidie maana nimekwama kabisa. Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya kutisha, ile ya jumba kuukuu na siri za ukoo, imebaki sura ya mwisho tu na ndo imenishinda.

Iko hivi, binti karithi jumba la babu yake, siku moja yuko nje anahesabu madirisha ya ghorofani anapata tisa, akipanda ndani anakuta manane, anarudia weee mwisho anafunga kitambaa chekundu kila dirisha, akitoka nje anaona moja halina kitambaa. Kumbe kuna chumba kimezibwa kwa ukuta, na humo ndimo babu alimfungia mke wake wa kwanza mpaka akafa, watu wakaambiwa kasafiri. Ukoo mzima ulijua, wakanyamaza miaka arobaini.

Sasa shida yangu, toka sura ya kwanza kila usiku ukuta unagongwa mara tatu, polepole, kama mtu aliyechoka. Nani anagonga wakati mwenyewe ni mifupa??

Rafiki yangu mmoja anasema acha uwe mzimu, hizi hadithi ndo zilivyoanza, mwandishi Mwingereza Horace Walpole kwenye riwaya yake ya mwaka 1764 aliangusha kofia kubwa ya chuma ikamponda bwana harusi na yalikuwa maajabu kweli, si ujanja wa mtu. Mwingine anataka kila kitu kielezwe kama alivyofanya mwandishi mwenzake Ann Radcliffe, lakini kiukweli lile pazia jeusi kwenye riwaya yake ya 1794, binti anafunua anazimia, halafu mwishoni kabisa unaambiwa ilikuwa sanamu ya nta, mimi niliumia sana.

Nikisema ni mzimu naona kama ukoo unapona, msomaji atamwogopa marehemu badala ya waliomfungia, na yule mama ndo ninayemuonea huruma kuliko wote humo ndani. Nikisema ni upepo au bomba, sura ishirini zote zinakufa.

Juzi usiku nikawaza kitu, vipi kama anayegonga ni dada yake babu, bado yupo hai, ndo alikuwa anampelekea chakula na alikuwa anagonga mara tatu kabla ya kufungua, na mpaka leo hajaweza kuacha?

Naipenda sana hii, ila naogopa itahuzunisha tu bila kutisha. Nyie mngemalizaje? Niambieni ukweli hata kama unauma.