Muuza tangi aseme lilibeba nini

Ndugu Mhariri,

Mvua za Septemba zimeanza hapa Jinja, na biashara ya matangi makuukuu imechangamka. Yapo mapipa ya chuma ya lita 200, yapo na yale meupe ya plastiki ya lita 1,000, yaliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma, yanayotoka viwandani. Sisi wapangaji wa Walukuba hatulaumiki kuyakimbilia, maana tangi jipya ni ghali. Hata mimi ninalo. Lilibeba mafuta ya kupikia, na kifuniko chake hadi leo kinanukia mandazi.

Faida yake haina ubishi. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa dogo la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 600. Hata zikimwagika 100 njiani, zinabaki jerikani 25. (Kwa nini watu wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria na Nile wahesabu maji kwa jerikani, hiyo ni barua ya siku nyingine.)

Kinachonikera ni namna tunavyonunua. Mtu anauliza bei, anagonga ubavu, anatazama kama linavuja, anaita pikapu. Haulizi lilikuwa na nini. Naye muuzaji, kwa kuwa tangi linalong'aa huenda upesi, ameshabandua lebo zote. Lebo hiyo ndiyo iliyotaja bidhaa, na kama ilikuwa ya hatari, ilikuwa na ile alama ya mraba uliosimama kwa ncha. Tangi la mafuta ya kupikia au sharubati huoshwa kwa sabuni na maji ya moto likatumika. Lililobeba dawa ya magugu, kiyeyusha rangi au oili ya injini halifai kwa maji ya kunywa wala kupikia, lioshwe mara ngapi, kwa sababu plastiki hunyonya kemikali na kuziachia polepole. Wapo wanaosema watachemsha. Kuchemsha huua vijidudu. Sumu ya kiwandani haiondoki kwa moto wa sigiri.

Mengine fundi yeyote anayajua: maji ya mwanzo baada ya kiangazi yamwagwe, mdomo ufungwe wavu wa mbu, plastiki nyeupe ipakwe rangi nyeusi isiote ukijani, na chini pajengwe imara, kwani la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja.

Naomba jiji letu liweke sharti katika leseni za wafanyabiashara hawa: lebo isibanduliwe, na tangi lisilo nayo liuzwe kwa kazi ya ujenzi tu. Viwanda navyo, kabla ya kuyatoa, viandike kwa rangi ubavuni kilichokuwamo. Kopo moja la rangi linatosha matangi mengi.

Mpangaji,
Walukuba, Jinja