Mwembe uliopigwa radi, msubiri kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu wa Tabora, hasa kamati za shule: mwembe ukipigwa radi, msikimbilie kumwita mwenye chenso.

Shule moja ya msingi katani kwetu inataka kuukata mwembe wake mkubwa, ambao hata babu zetu waliukuta. Radi ya mvua za Novemba imeubandua gome ubavu mmoja, kutoka kwenye panda hadi chini, upana wa kiganja. Wapo wanaosema mti sasa una mkosi. Wapo pia, nadhani, waliokwisha piga hesabu ya mkaa. Mimi ni bwana shamba mstaafu, nimeuzunguka na kuukagua, na sababu ya kuukata sijaiona.

Radi ikipita chini ya gome, majimaji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla na gome hufyatuka. Gome lililobaki linaendelea kupeleka chakula mizizini. Hapo palipo wazi, mti utapafunika wenyewe kutokea kingoni, kwa miaka.

Wasiwasi wangu ni mizizi, maana umeme huishia huko na hatuoni ulichofanya. Masika mti huo unaweza kupendeza kabisa. Kiangazi, ardhi ikikauka kuanzia Juni hadi Oktoba, ndipo mizizi iliyoungua itakapojulikana. Na ukichanua maua mengi kupita kawaida msishangilie. Mti unaoelekea kufa nao huchanua hivyo.

Kwa sasa kateni matawi yaliyovunjika, na gome linaloning'inia lipunguzwe kwa kisu kikali hadi pale liliposhika vizuri. Siku ileile, likiwa bichi, lingeweza kurudishwa kwa misumari midogo na kufunikwa gunia bichi. Sasa limekauka, basi.

Oili chafu, hapana! Najua tunaipaka kuzuia mchwa, lakini ikiingia kwenye jeraha inaua kingo zilezile zinazotakiwa kulifunika. Vichuguu vya mchwa vipanguliwe kwa kijiti kila vinapoonekana. Majani makavu yatandazwe chini ya mti, yasiguse shina. Kiangazi wanafunzi wapokezane madumu, maji yamwagwe usawa wa ncha za matawi, ambako ndiko mizizi myembamba iliko. Kumwagia shinani ni kupoteza maji. Urea mwaka huu msiweke. Itaufanya utoe majani mengi ambayo mizizi haitaweza kuyanywesha.

Kama ufa ungekuwa umepenya mbao upande hadi upande, au mti umeinama na udongo kuinuka nyuma yake, ningesema ukatwe leo, kwa sababu watoto wanacheza pale. Huu umechubuka tu. Lakini watoto hao hao nimewaona wakijikinga mvua chini yake wiki iliyopita, radi zikipiga! Walimu, mawingu yakianza kunguruma, ingizeni watoto darasani. Kwa hilo hakuna cha kusubiri.

Kikao cha wazazi kinakaribia. Naomba ajenda ya mwembe isogezwe hadi mvua zijazo. Tukiukuta umekauka, mafuta ya chenso nitanunua mimi.

Bwana shamba mstaafu,
Tabora