Mfalme gani wa bahari, meli moja?

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Kapteni Max Looff na manowari ya Kijerumani Königsberg nimeisoma mara mbili. Mwandishi kamwita Looff mfalme wa Bahari ya Hindi. Mfalme gani huyo, ndugu mhariri, aliyekamata meli moja tu ya biashara?

Meli yenyewe ni City of Winchester, iliyokuwa ikipeleka chai Uingereza. Aliinasa tarehe 6 Agosti 1914 katika Ghuba ya Aden, akaichota makaa ya mawe kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, pwani ya Omani, kisha akaizamisha. Basi. Ushujaa alikuwa nao, alichokosa ni makaa. Hata Dar es Salaam hakuweza kurudi, maana wenzake walikuwa wamezamisha chelezo chao cha kuelea kwenye mlango wa bandari. Pegasus aliyoipiga Unguja tarehe 20 Septemba ilikuwa manowari ya Kiingereza, tena imetia nanga, mitambo imefunguliwa kwa matengenezo. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani, karibu na Unguja, mpaka leo.

Kwenye delta ya mto Rufiji, alikojificha, namvulia kofia. Nimekuwa nahodha wa jahazi, nikipakia boriti kwenye milango ya mto huo, Simba Uranga na Kikunya, na maji yale nayajua. Siku za bamvua, maji yakijaa sana, unapita ukiimba. Maji mafu, yasiyojaa sana, yakikukuta, unalala na mbu juu ya fungu. Yeye aliingiza humo chuma cha mita 115! Waingereza walimtafuta wiki nzima baada ya wiki, kwa kuwa hawakudhani meli kama ile ingepita kwenye mikoko.

Sasa, kilichoniudhi. Injini yake iliharibika, na vipande vyake vikavutwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, kisha vikarudishwa vivyo hivyo. Nani alivuta? Tarehe 11 Julai 1915 manowari za Kiingereza Severn na Mersey zikaimaliza meli, zikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka hapa kwetu Mafia. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikavutwa tena, ikaenda kupigana bara. Nani alivuta? Makala nzima haina hata sentensi moja juu ya watu hao, ila jina la mbwa wa afisa limo.

Mzinga mmoja uko Mombasa, nje ya Fort Jesus. Nilipouona nilijaribu kuupakia, kwa mawazo tu, kwenye jahazi langu. Lingelala ubavu kabla hatujaondoka gatini. Watu wale waliupitisha kwenye tope na mchanga kwa kamba.

Mwandishi wenu akitaka kuandika sehemu ya pili, aje kwanza. Mashua ipo. Asije maji mafu tu.

Nahodha mstaafu,
Kilindoni, Mafia