Benchi la sentimita 61, si jimu la kifahari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tupinge hoja inayorudi kila msafara wa Tanzania wa Paralimpiki unaporejea mikono mitupu, na imekuwa hivyo tangu tulipoingia kwa mara ya kwanza Barcelona 1992. Hoja yenyewe ni kwamba kunyanyua vitu vizito kwa watu wenye ulemavu, yaani kusukuma chuma ukiwa umelala benchini, ni mchezo wa nchi zenye mashine za bei mbaya, kwa hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa tubaki na riadha. Anayeujua mchezo huu anajua kuwa hoja hiyo haina mashiko.

Tuitazame Nigeria. Rio 2016 ilipata dhahabu 8, na 6 kati ya hizo zilitoka benchini. Tokyo ilipata 4, benchini zikatoka 3. Paris 2024 zilikuwa 2 tu, na zote ni za benchi: Onyinyechi Mark alisukuma kilo 150 katika daraja la wenye uzito wa mwili usiozidi kilo 61, na Folashade Oluwafemiayo kilo 167 katika daraja la kilo 86. Kabla yao kulikuwa na Lucy Ejike, aliyeanza na fedha Sydney 2000, mwaka ambao wanawake waliingia kwenye mchezo huu wa Paralimpiki kwa mara ya kwanza, kisha akachukua dhahabu Athens, Beijing na Rio. Nchi hiyo inakatikiwa umeme kama sisi na inalia fedha kama sisi. Wengi wa wanyanyuaji wake waliugua polio utotoni, na watu wa namna hiyo tunao hapa Mwanza, kuanzia Ukerewe hadi Misungwi.

Msomaji makini ataona kuwa 6, 3, 2 ni ngazi ya kushuka. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba wengine nao hawakulala. Misri ilikuwa na Fatma Omar, dhahabu nne mfululizo kutoka Sydney hadi London. Iran ikamleta Siamand Rahman, aliyesukuma kilo 310 pale Rio. China nayo imekaza buti. Mlango unazidi kuwa mwembamba kadiri tunavyochelewa.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana ndipo watu wanapotishana. Mchezo wote ni kusukuma chuma ukiwa umelala chali. Hakuna mashine. Kuna benchi, nguzo mbili za kuwekea chuma, chuma chenyewe na sahani za uzito. Tatizo ni kwamba benchi la jimu zetu za mtaani lina upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa mita 1.2, kwa sababu limetengenezwa kwa mtu anayekanyaga sakafu. Mtu aliyepooza miguu akilazwa hapo, miguu inaning'inia, kiuno kinateleza upande mmoja, na chuma kinapopanda anayumba nacho. Kocha anasema "hana nguvu". Nguvu anazo, ila hana pa kuegemea.

Benchi la mashindano lina urefu wa mita 2.1, ili miguu yote ilale juu yake. Upana ni sentimita 61, kisha upande wa kichwa linapungua hadi sentimita 30.5 ili mabega na viwiko vipate nafasi ya kushuka. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa mjini analiweza akipewa mchoro. Mwambieni atumie bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3. Lile jembamba la kutengenezea milango hupinda kwenye maungio. Juu aweke plaiwudi ya milimita 18 na sponji ngumu. Sponji ya godoro haifai, kwani bega moja huzama kuliko jingine na chuma hupanda kikiwa kimeinama. Kimo kilingane na kiti cha magurudumu, kama sentimita 48, la sivyo mchezaji atamaliza nguvu za mabega kwa kujipandisha tu. Nguzo ziwe na matundu ya kupandisha na kushusha, maana mikono haifanani urefu.

Mikanda ya kufungia miguu iwe miwili, mmoja kwenye mapaja na mwingine chini ya magoti. Usipitishwe juu ya goti lenyewe. Hapa tunasisitiza: aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu ya mkanda uliokaza wala ya mshono wa reksini uliotokeza. Kila baada ya mazoezi ngozi ya makalio, visigino na nyuma ya mapaja ikaguliwe, na wekundu usioondoka ndani ya nusu saa usimamishe mazoezi mpaka upotee. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza mtu kwa miezi.

Chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20, na kila kibanio cha kuzuia sahani kilo 2.5, kwa hiyo kabla ya sahani hata moja kuna kilo 25. Wengi husahau vibanio kwenye hesabu. Sahani za zege si dhambi kwa mazoezi, ila iliyoandikwa 20 inaweza kuwa 17 au 23, na zisipolingana kushoto na kulia mwili unajifunza kupinda. Zipelekeni kwenye mizani ya soko la samaki la mwaloni Kirumba, ile yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kisha andikeni uzito halisi kwa rangi.

Jambo linalowaangusha wachezaji wetu zaidi ni taa nyekundu, yaani mwamuzi kukataa jaribio. Waamuzi ni watatu, na lazima wawili wawashe nyeupe. Mchezaji ana dakika 2 tangu chuma kitangazwe kuwa tayari. Anakitoa kwenye nguzo, ananyoosha viwiko, anasubiri amri ya kuanza. Anakishusha hadi kifuani, kinatulia kabisa, na kutulia huko kuonekane kwa macho. Kisha anakisukuma bila kukizamisha kwanza kifuani, mikono miwili inyooke pamoja, na asubiri amri ya kurudisha. Umbali kati ya vidole vya shahada usizidi sentimita 81. Jimu za mtaani zinafundisha kinyume chake: chuma kinadundishwa kifuani, marudio kumi harakaharaka, rafiki anashika katikati na kupiga kelele. (Mashindano hayana marudio, kila jaribio ni kusukuma mara moja tu.) Mwenye kilo 120 za kudundisha mara nyingi hubaki na 105 za kutuliza. Ndiyo maana tunasema mazoezi ya kila wiki yawe na siku moja ya waamuzi, hata kama taa ni vipande viwili vya kadibodi.

Nafasi za kujaribu ni tatu, na uzito ukishatangazwa hauteremshwi. Wa kwanza uwe ule mtu anaouweza hata akiwa na mafua. Kama rekodi yake ya mazoezi, ya kutuliza, ni kilo 110, aanze na 100, aende 106, kisha 111. Akianza na 110 kwa ujasiri na kukosa mara tatu, amesafiri kutoka Mwanza hadi ughaibuni kwa sifuri.

Kuhusu mabega, mtu anayepandisha baiskeli ya mikono vilima vya Bugando au Igogo ameshafanya kazi kabla hajafika mazoezini. Anasukuma kutwa nzima. Tukimwongezea kusukuma tu, bega la mbele litachanika. Kwa kila seti ya kusukuma apewe mbili za kuvuta. Mpira wa ndani wa tairi, ukikatwa vipande na kufungwa kwenye nguzo, unatosha. Siku tatu za benchi kwa wiki, zisifuatane.

Tunachoomba hakihitaji bajeti ya Wizara. Halmashauri ya Ilemela na ya Jiji la Mwanza zitengeneze benchi moja moja kwa vipimo tulivyotaja na ziyaweke mahali pasipo ngazi, maana ukumbi mwingi wa mji huu wa miamba umejengwa juu ya ngazi. UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, mkoani iongeze mchezo huu kwa wanafunzi wenye ulemavu wa miguu, na wanaosubiri chuma wawe wawili, mmoja kila upande, wasikiguse mpaka kianze kushuka chenyewe. Na mizani ya kupimia mwili iwepo, isomeke hadi gramu 100, kwa sababu mwanamume wa kilo 54.1 ameshaingia daraja la kilo 59.

Ni sisi,
Makocha na waamuzi wa kunyanyua vitu vizito,
Mwanza