Mabanda umiza yajaribu filamu zisizo na sauti

Mhariri,

Mimi ni fundi redio wa Mwanga, Kigoma. Mabanda umiza ya huku, yale ya kuonyeshea video, kila jioni ni filamu za mapigano zilezile. Nawashauri wenye nayo wajaribu filamu za zamani zisizo na sauti.

Waanze na The General ya mwaka 1926. Ni filamu ya treni, na sisi tunaokaa mwisho wa reli hatuhitaji kuelezwa treni. Buster Keaton, dereva wa treni, mchumba wake amegoma kusema naye. Anajikalia kwenye chuma kinachounganisha magurudumu ya injini, mawazo tele. Injini inaondoka, chuma kinampandisha na kumshusha, naye hana habari! Baadaye injini halisi, si ya kuchezea, inatumbukia mtoni na daraja linaloungua. Chaplin wa The Kid (1921) ni mzuri pia, ingawa kwangu anatafuta mno machozi yetu.

Watafsiri wanaosimulia filamu mabandani wasihofie ajira. Japani enzi hizo wasimulizi walikaa kando ya pazia, na baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji wenyewe.

Ila Nosferatu ya 1922, filamu ya kutisha ya mnyonya damu, ni ya usiku, watoto wakishalala.

Fundi redio,
Mwanga, Kigoma